Arobaini ni ya Mungu

Ilikuwa Jumapili ya Julai 2022. Nimetoka kanisani, sijavua hata viatu, simu ikalia. Mgeni aliyekuwa amekaa siku tano kwenye nyumba ninayoikodisha kwa usiku alikuwa ameandika maoni yake mtandaoni. Nikavaa miwani. Nyota tatu kati ya tano. Chini yake mistari miwili: nyumba ni safi, mwenyeji ni mkarimu, lakini siku zote tano ameoga maji baridi, tena Nairobi ina baridi kuliko alivyodhani.

Nilikaa kwenye kochi mkoba ukiwa bado begani. Kilichoniuma zaidi ya zile nyota ni kwamba maji ya moto yalikuwapo.

Aliyeishi Nairobi anajua shawa zetu za stima. Hita iko juu, imefungwa kichwani mwa bomba, na swichi yake iko nje ya bafu, ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho. Ni swichi kubwa yenye taa nyekundu. Usipoiwasha kabla ya kuingia, maji yatatoka kama yalivyotoka kwenye tangi, na tangi liko juu ya paa, na Julai usiku wa Nairobi ni usiku wa blanketi mbili. Halafu kuna ujanja wa pili ambao hakuna anayekufundisha: ukifungua bomba lote, hita haifui dafu, maji yanakuwa vuguvugu. Unalipunguza kidogo kidogo mpaka usikie hita ikinguruma, hapo ndipo moto unakuja. Ukilipunguza kupita kiasi, hita inazimika. Sisi mikono yetu inajua. Mgeni wangu alitoka Uholanzi, ambako unageuza bomba tu. Aliligeuza asubuhi tano, akaoga baridi asubuhi tano, na kila jioni nilipomwandikia, "Uko salama? Kuna kitu unahitaji?" alinijibu kwamba kila kitu ki sawa, asante sana.

Nimelirudia jibu hilo akilini mara nyingi. Nadhani alikuwa mtu mwenye adabu. Aliona nyumba ni ya mama mmoja tu, akafikiri hita sina na kuniuliza ni kuniaibisha. Akanyamaza kwa heshima, kisha akasema ukweli wake mahali ambapo mimi siwezi tena kuurekebisha.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka 34, nikifundisha Kiswahili zaidi. Nilistaafu 2019. Mwaka uliofuata korona ikaja, mipango yangu ya kufuga kuku ikafa, na kijana wangu wa mwisho ndiye aliyeniambia, "Mama, chukua nyumba mtaa wenye wageni, uipange vizuri, uikodishe kwa usiku." Nikachukua nyumba ya chumba kimoja cha kulala mtaa wa Kilimani, ghorofa ya nne, si mbali na jengo la maduka la Yaya. Ni ya kupanga. Kitanda, kochi, jokofu na mapazia nilinunua kwa mkopo wa sacco. Kijana akapiga picha, akanijaza kwenye mtandao wa kukodisha nyumba, na mwanzoni mwa 2021 nikaanza kazi hii ya BnB, kama tunavyoziita nyumba hizi za kukodishwa kwa usiku.

Ile Jumapili nilichukua kalamu nikafanya hesabu nyuma ya bahasha ya sadaka. Kwenye mtandao niliojisajili, ili uitwe mwenyeji bora na nyumba yako ionekane juu watu wanapotafuta, wastani wako lazima usipungue 4.8. Hiyo ni zaidi ya 95 kwa mia. Sasa fanya hesabu nami. Mgeni mmoja akikupa nyota nne, unahitaji wageni wanne wa nyota tano kufika 4.8 tena. Akikupa tatu, unahitaji tisa. Akikupa moja, unahitaji kumi na tisa. Mimi nilikuwa napata wageni wanne au watano kwa mwezi, na wengi wao hawaandiki lolote. Wanarudisha ufunguo kwa mlinzi, wanasema asante, wanaenda zao. Hesabu hiyo ilinionyesha kwamba swichi moja ukutani ingenichukua miezi kuilipa.

Kesho yake nilikata kadi ya manila, nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa, Kiswahili juu na Kiingereza chini: WASHA HAPA KABLA YA KUOGA. FUNGUA BOMBA NUSU. Nikaipaka selotepu pande zote isiingie maji. Ipo mpaka leo. Toka siku hiyo hakuna aliyelalamikia maji baridi, na hilo nalihesabu kuwa kosa langu mwenyewe lililotibika. Kati ya nyota mbili alizonikata, kwa haki, moja nilistahili kukatwa. Nyingine sikustahili.

Lakini shawa ilikuwa somo jepesi. Zito lilikuja Machi iliyofuata.

Alikuja dada mmoja kutoka Kisii na mama yake mzazi, wamekuja kuonana na daktari. Wageni wangu wengi ni wa namna hiyo. Watu wakisikia BnB wanafikiri vijana na muziki, kumbe kwangu wengi ni watu waliobeba bahasha kubwa za eksirei. Wale wawili walikaa usiku sita. Siku ya tatu mama alirudi amechoka sana, nikawapelekea uji wa wimbi kwenye chupa, nikakaa nao kidogo. Walipoondoka dada alinikumbatia pale mlangoni. Baada ya siku mbili maoni yake yakatoka, na maneno yake yalikuwa mazuri kuliko yote niliyowahi kuandikiwa. Alisema mama yake amelala kwangu kama amelala kwake. Alisema Mungu anibariki.

Na nyota nne.

Sikulala. Nilipitia nyumba yote kichwani, shuka, taulo, kizingiti cha bafu, harufu ya jokofu. Asubuhi nikampigia. Najua wengine watasema mwenyeji asimfuatilie mgeni kwa jambo kama hilo, na kweli siku hizi sifanyi. Siku hiyo nilishindwa.

"Mwanangu," nikamwambia, "nataka tu kujua nilikosea wapi ili nirekebishe."

"Mama! Hukukosea kitu. Kwani kuna nini?"

"Umenipa nne."

Akanyamaza kidogo. "Si nne ni nzuri sana? Tano nimewaachia mahoteli makubwa yale ya kuogelea. Kwani nne ni mbaya?"

Nikamwambia si mbaya, nikamuuliza hali ya mama, tukaagana vizuri. Kisha nikakaa na simu mkononi, kwa sababu maneno yale niliyatambua. Yalikuwa yangu.

Miaka yote niliyosahihisha insha za darasa la nane, alama ya juu ilikuwa 40, kama kwenye KCPE, uliokuwa mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Na sikumpa mtoto yeyote 40. Hata mmoja. Stafrumu tulikuwa na msemo wetu: arobaini ni ya Mungu, thelathini na tisa ni ya mwalimu. Mwanafunzi akiandika insha ya kukutoa machozi, unampa 36, unaandika pembeni kwa kalamu nyekundu "Hongera, kazi safi," na mtoto anaenda nyumbani amejaa. Kwetu 80 kwa mia ilikuwa ni A. Mtoto aliyeleta 80 kwa mia alichinjiwa kuku. Yule dada alinipa 80 kwa mia. Alinichinjia kuku, na mashine ikasoma kwamba nimeanguka.

Hapo ndipo nilipoelewa udhalimu uko wapi, na sijabadili mawazo tangu siku hiyo. Wenzangu wenye nyumba tukikutana tunalaumu wageni, kwamba hawana shukrani, kwamba wanataka hoteli kwa bei ya gesti. Wapo wa hivyo, na nitamtaja mmoja. Lakini wengi wanapima kwa kipimo walichokulia nacho, na hakuna anayewaambia kwamba kipimo kimebadilishwa. Mgeni anaambiwa achague kati ya moja na tano. Haambiwi kwamba kwa upande wa pili wa mlango nne ni alama ya kukaripiwa. Mwalimu anayesahihisha bila mwongozo wa usahihishaji hatumwiti mkali. Tunasema mtihani wenyewe una kasoro.

Na kuna mambo ambayo mwenyeji anasahihishiwa ilhali hakuyaandika yeye. Mimi nimepunguziwa nyota kwa msongamano wa Ngong Road. Nimepunguziwa kwa kelele za mjengo jirani, na Kilimani yote ni mjengo, nyumba zenye bustani zinabomolewa, ghorofa zinapanda, nyundo zinaanza saa moja asubuhi. Nimepunguziwa kwa maji. Maji ya Nairobi ni ya mgao, yanakuja siku zake, na yasipokuja tunaita boza. Mgeni anayefungua bomba likakohoa hewa hajui habari za mgao, wala hana haja ya kuzijua. Anajua amelipa.

Giza lile la nchi nzima, usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, nilikuwa na mume na mke kutoka Mombasa. Stima ilipotea karibu na saa nne usiku, na kwa muda kila mtu alifikiri ni mtaa wake tu. Nilikuwa kwangu Lang'ata. Nikawaandikia kabla hawajaniandikia: giza hili ni la Kenya nzima, taa ya kuchaji iko kwenye droo ya pili jikoni, maji ya kunywa yapo kwenye jagi, gesi inafanya kazi kwa hiyo chai mnaweza. Yule baba akanijibu, "Shukran mama, tumeiona." Baadaye waliandika maoni marefu, na karibu nusu yake ilikuwa juu ya ile taa ya droo ya pili. Nyota tano. Kwa nyumba iliyokaa gizani usiku mzima!

Nililinganisha wageni hao na Mholanzi wangu aliyeoga baridi kwenye nyumba yenye hita. Sikuweza kuleta stima. Niliweza kuwahi kusema. Tangu hapo ujumbe wangu wa kukaribisha umebadilika kabisa. Zamani nilikuwa nasifu nyumba. Sasa naeleza mapungufu yake kabla mgeni hajayakuta: kuna mjengo jirani, utaamshwa saa moja, Jumatano maji huwa ya tangi, tuyatumie kwa kiasi, Julai na Agosti ni baridi, blanketi ya ziada iko juu ya kabati, jengo lina lifti moja na siku nyingine haifanyi kazi. Kijana wangu aliogopa nitafukuza wateja. Kuna waliofuta oda, wawili kama sikosei. Waliokuja hawakushangazwa na chochote, na mgeni asiyeshangazwa huwa mpole.

Tena siulizi "kila kitu ki sawa?" Swali hilo lina jibu moja tu. Nilipaswa kulijua mapema, maana darasani ukiuliza "mmeelewa?" watoto arobaini wanajibu "ndiyoo" na hakuna aliyeelewa. Asubuhi ya kwanza namuuliza mgeni mambo yanayoshikika: maji ya moto yalikuja? Mto uko juu mno? Intaneti inafika chumbani? Mtu atakuambia kwamba mto uko juu. Hatakuambia kwamba hajafurahi.

Sasa yule niliyesema nitamtaja.

Januari 2024 Nairobi ilikuwa na majonzi. Wanawake wawili waliuawa ndani ya wiki mbili, kila mmoja kwenye nyumba ya kukodi kwa muda mfupi kama yangu. Mwisho wa mwezi, tarehe 27, wanawake walijaa barabarani kupinga mauaji hayo. Serikali ikatangaza kwamba wenye nyumba hizi lazima wajisajili, na polisi wakahimiza watu wawe waangalifu. Mimi ni mama, nina binti. Niliwaza kwamba ufunguo ninaoutoa ungeweza kumfungulia mtu kama wale wauaji. Nikaweka sharti moja: kila anayeingia aache jina na nambari ya kitambulisho kwa mlinzi getini, awe ndiye aliyelipa au rafiki yake. Nikaliandika kwenye tangazo, nikaliandika tena kwenye ujumbe.

Februari kijana mmoja alikodi usiku mbili, watu wawili. Saa tano usiku mlinzi akanipigia.

"Mwalimu, samahani kukuamsha. Hapa kuna watu sita na kitambulisho kimoja."

"Wengine wanasemaje?"

"Wanasema wamelipia, hawawezi kuulizwa kama wezi. Kuna msichana mmoja hapa, Mwalimu, sipendi anavyoonekana. Amelewa sana, hajui hata yuko wapi."

Nikamwambia asifungue. Niliongea na yule kijana kwa simu ya mlinzi. Nilimwita mwanangu, nikamwambia yeye na mgeni mmoja mwenye kitambulisho karibuni sana, wengine haiwezekani, na yule dada aitiwe teksi arudi kwao, nitailipa mimi. Alinitukana, nisingependa kurudia hapa. Mwishowe dada alitoa simu yake, mlinzi akampata ndugu yake, akaja kumchukua. Kijana akaingia na rafiki yake mmoja. Wengine wakaondoka.

Nyota moja. "Mlinzi hana adabu, mwenyeji anashuku watu, nyumba haina uhuru."

Niliandikia mtandao, nikaeleza yote, nikatuma na picha ya daftari la getini. Jibu likaja kwamba maoni ya mgeni hayavunji kanuni, hivyo yatabaki. Kumi na tisa, nikakumbuka. Wageni kumi na tisa wa nyota tano kwa ajili ya usiku mmoja ambao nilifanya jambo sahihi kuliko yote niliyofanya tangu nianze kazi hii. Tathmini ya miezi mitatu ilipofika, alama ya mwenyeji bora ikaondolewa kwenye jina langu. Oda zikapungua. Mwezi wa Aprili nililipa kodi ya nyumba kwa pesa za chama, kikundi chetu cha kuweka akiba.

Nililia, na sioni aibu kusema. Lakini sharti sikuliondoa. Mwenzangu mmoja wa Kileleshwa aliniambia nililegeze, kwamba kila mtu anafumba jicho. Nikamwambia siwezi. Chini ya maoni ya yule kijana nilijibu mistari miwili tu: kwamba kwetu kila mgeni hujiandikisha getini kwa usalama wake, na sharti limeandikwa kwenye tangazo. Sikumtaja kwa ubaya. Nilitaka kusema mengi. Kilichonishangaza ni kwamba miezi iliyofuata wanawake watatu wanaosafiri peke yao waliniambia walichagua nyumba yangu kwa sababu ya maoni hayo ya nyota moja. Waliyasoma, wakasoma jibu langu, wakaona ndiyo nyumba wanayoitafuta. Hawakufika kumi na tisa. Walitosha kunirudisha usingizini.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao sisi wenyeji hatupendi kuusema. Nasi pia tunawapa wageni nyota, na tunadanganya. Mgeni ana siku 14 za kuandika, nasi 14, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wawili waandike au muda uishe. Utaratibu umewekwa hivyo ili watu waseme kweli. Bado tunaogopa. Mwaka 2021 mgeni mmoja aliniachia alama ya pasi juu ya meza, imeungua umbo la pasi kabisa, akaifunika na gazeti. Nilimpa tano. Nilisema moyoni mgeni ni mgeni. Yaani nilimpeleka kwa mwenyeji mwingine, mama kama mimi, bila kumwambia alinde meza yake. Siku hizi naandika kilichotokea, kwa maneno ya upole, na nyota zinazolingana nacho.

Na teksi. Napanda teksi za simu mara nyingi, goti langu la kushoto haliwezi tena matatu. Kila safari mwishoni unaulizwa nyota. Miaka yote nilikuwa natoa nne. Dereva amenichukua kwa wakati, ameendesha vizuri, amenifungulia mlango, amenibebea mfuko wa shopping hadi getini: nne. Mwalimu hatoi arobaini. Baada ya simu ya yule dada wa Kisii nilimuuliza dereva mmoja, kijana wa miaka kama ishirini na tano, kama nne inamdhuru. Alinitazama kwenye kioo.

"Inategemea ziko ngapi, Mama. Zikiwa nyingi wanakufungia. Unaamka asubuhi, simu haileti kazi."

Sikuweza kumwambia ni ngapi nimetoa. Niliposhuka nilimpa tano, kisha nikasimama pale getini nikijaribu kukumbuka nyuso za wale wengine, na sikukumbuka hata mmoja.

Alama yangu ya mwenyeji bora ilirudi mwaka huo huo wa 2024, kabla ya Krismasi. Ninayo sasa, 4.86 nilipotazama jana usiku, na najua mtu mmoja aliyefurahi anaweza kuniondolea.

Leo jioni anaingia mama kutoka Eldoret na mjukuu wake, wamekuja kliniki ya macho. Nimebadilisha shuka, nimejaza chupa ya chai, tokeni za stima nimenunua za kuwatosha hadi Jumatatu. Mlinzi amepanda juu ya paa kunitazamia tangi: liko nusu. Boza limesema linafika saa nane.